Swaleh, kuna kufungwa na kuna kuonewa

Kibokoni, Mombasa

Kwako ndugu yangu Swaleh,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillahi, ila joto tu. Mwezi huu watu wakishaswali isha wahamia barazani na hawarudi ndani mpaka upepo wa bahari uanze. Ujumbe wako nimeusoma. Hongera kwa hiyo mashine ya gemu, PS4, hata kama ni ya mkono wa pili. Jioni za Voi nazijua, usipokuwa na shughuli utaishia kuhesabu malori. Umeniuliza ununue gemu gani na umeniomba nisikufiche. Sikufichi, ila maneno ni mengi, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia.

Nianze na kauli yako kwamba hutaki gemu za kupandisha presha. Presha ya aina gani? Kuna kufungwa na kuna kuonewa, na wewe umevitia kapu moja. Mzee akikumaliza kwenye bao waumia, lakini kete zote zilikuwa mbele ya macho yako. Alizokula umeziona zikienda, na ukiinuka wajua ni shimo gani uliloliacha wazi. Gemu ikinifunga namna hiyo nitairudia mwezi mzima. Inayoniudhi ni ile inayonifunga halafu siwezi kukueleza nimefungwa na nini.

Chukua Tekken 3, ile ya kupigana wawili wawili. Wakumbuka kibanda cha Majengo, kile cha pazia la gunia mlangoni, ukifungwa watoka unampisha mwenzio? Pedi ya pili, ile ya kushika mkononi na kubonyeza, kifungo chake cha mraba kilikuwa chaganda, na kila mtu alikimbilia ya kwanza. Ikafika mahali pakaandikwa ukutani kwa makaa kwamba Eddy Gordo haruhusiwi. Kisa ni kwamba mtoto yeyote, hata aliyeshika pedi siku hiyo hiyo, alibonyeza vifungo vya mateke bila mpango, na yule Mbrazili wa kapoera akawa kichwa chini miguu juu, na wewe umeshalala. Watu wakasema ni wizi. Mimi nasema Eddy ndiye aliyeonewa. Mateke yake ya kuua mengi huja chini. Ukichutama ukazuia, kuna kitambo kidogo anabaki wazi kabla ya kusimama sawasawa, na hapo ndipo pa kumpiga. Hakuna aliyetaka kujifunza kuchutama. Kupiga marufuku kulikuwa rahisi zaidi.

Kwa hiyo ya kwanza ni Tekken 7, imetoka kwa PS4 mwaka 2017, na Eddy yumo. Na ukiambiwa hapo shuleni kwenu kwamba ni mambo ya kitoto, watajie Sylvia Gathoni, wanayemwita QueenArrow, Mkenya mwenzetu aliyejijengea jina kwenye mashindano ya Tekken huku akisomea sheria.

Sasa San Andreas ya 2004, ile Grand Theft Auto ya magenge ya mitaani, ambayo waipenda kuliko ndugu zako. Hata mimi naipenda. Mitaa ya Los Santos, mji wa mle ndani, niliijua kabla sijaijua ya Nairobi, na kuzurura tu na baiskeli bila misheni yoyote ilikuwa raha tosha. Lakini ile misheni ya treni! Wewe waendesha pikipiki, mwenzio Big Smoke amekaa nyuma na bunduki, maadui wako juu ya mabehewa. Kazi yako kuendesha, kazi yake kulenga. Na halengi. Watu wazima wamesimama wima juu ya treni, yeye apiga hewa. Safari ikiisha, wa kulaumiwa ni wewe, kwa karipio ambalo limegeuka mzaha wa dunia nzima. Siri nilipewa baadaye na kijana mmoja wa Kisauni: usiigande treni. Ukikaa mbali kidogo pembeni, Smoke hupata nafasi ya kuwapiga. Sawa, lakini ndani ya gemu unachoambiwa ni kuifuata treni, na ukiifuata kweli kweli ndipo unaposhindwa. Huko ndiko kuonewa.

Need for Speed Most Wanted ya 2005 ina tabia hiyo hiyo. Waendesha bila kugusa ukuta, wenzio umewaacha mbali, kisha kona ya mwisho unawaona kwenye kioo. Ni mpango: gari la kompyuta likiachwa nyuma huongezewa mwendo ili mbio zisipooze. Nawaelewa waliofanya hivyo. Lakini mizunguko yote ya mwanzo ilikuwa ya nini basi?

Na ajabu, hila nyingine sioni ubaya wake. Resident Evil 4, nayo ya 2005, hukupima kimya kimya: ukifa mara kwa mara, maadui hupungua ukali, na risasi huanza kuokoteka kwa wingi. Niliicheza miaka bila kujua. Nilipojua nikacheka tu. Sijui kwa nini hiyo niliisamehe na magari sikuyasamehe. Pengine kwa sababu ilikuwa upande wangu.

Mpira ndipo tutakapogombana. Wewe utaniambia PES 6, na utamtaja Adriano wa Inter, nguvu ya shuti 99, mguu wa kushoto, ukivuka nusu ya uwanja tu wafyatua. Usawa haukuwepo kabisa. Lakini kila mtu alijua kwamba ukimwachia mwenzio Inter umejitakia, basi tulikubaliana hakuna Inter na mchezo ukaendelea. Ubaya ulioonekana hutafutiwa dawa.

Wa siku hizi hauna dawa. Konami, watengenezaji wake, waliliacha jina la PES mwaka 2021 wakaleta eFootball, na siku ilipotoka, mwisho wa Septemba, nyuso za wachezaji zilikuwa zimepinda hata wenyewe wakaomba radhi. Imerekebishwa tangu hapo, na ni bure, sitaki kuisema sana. Mzozo wangu ni na upande wa pili, hii iliyokuwa FIFA na tangu 2023 yaitwa EA Sports FC. Uwanjani ni nzuri, siwezi kusema uongo: mguso wa kwanza wa mpira, wavu unavyotikisika, mashabiki. Lakini ingia Ultimate Team, ile sehemu ya kujiundia timu yako, uone. Wanunua pakiti ya wachezaji bila kujua ndani mna nani, wafungua, fataki zalipuka, kisha atoka beki wa ligi ya tatu. Ubelgiji waliitazama biashara hii mwaka 2018 wakasema ni kamari, na mapema 2019 kampuni ikaacha kuuza huko kwao zile pointi za kununulia pakiti. Na hata ukibahatika, Septemba toleo jipya latoka, na timu yako yote yabaki kwenye lile la zamani. Mwanafunzi wako akikuomba hela ya pakiti, mnunulie mpira wa ngozi.

Kisha kuna mtandao. Usidhani sisi wa Mombasa tuna nafuu. Kebo za baharini zatua hapa hapa kwetu, SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata. Lakini kebo si seva. Seva, ile kompyuta inayoendesha mechi, mara nyingi iko nchi za watu, na kila ukibonyeza pasi habari yashuka chini ya bahari, iende, irudi. Nikibonyeza kukaba, beki wangu asimama kidogo, kama aliyeulizwa swali gumu, halafu anyoosha mguu mahali ambapo mshambuliaji alikuwa. Goli. Wa kumlaumu simwoni. Si kipa, si mimi, si yule wa upande wa pili, na hata huyo huenda ananiona mimi ndiye ninayeganda.

Ushauri wangu: tafuta sidii ya PES 2021, ndiyo ya mwisho kubeba jina hilo, nunua pedi ya pili, umkalishe jirani yako kwenye kiti kimoja nawe. Mpira wa gemu bila mtu wa kumtania ubavuni mwako ni kazi ya ofisi.

Sasa ile niliyotaka kukuandikia tangu mwanzo, Elden Ring, ya Februari 2022, kazi ya Hidetaka Miyazaki na wenzake wa FromSoftware. Utaambiwa ni ngumu. Ni ngumu. Bosi, yaani adui mkuu, wa kwanza atakayekuzuia mlangoni mwa ngome ni Margit, zee lenye mkia na fimbo. Lainua fimbo. Wewe, kwa mazoea ya gemu nyingine, wabiringika mara moja. Fimbo haijashuka bado. Lingali limeinyanyua, lakutazama, na wewe ukimaliza kubiringika ndipo laishusha. Utasema limekuibia. Rudi tena, safari hii usitazame fimbo, tazama bega. Bega likisogea, biringika. Ukifa pia huamkii mbali, mara nyingi kuna nguzo ya kuamkia karibu na bosi, tofauti na Dark Souls, gemu yao ya 2011, iliyokutembeza upya njia nzima kwa adhabu. Na ukichoka naye waweza kumwacha. Panda farasi unayepewa mle, zunguka kusini, ukarudi na nguvu. Nami nilifanya hivyo, sioni aibu.

Nina manung'uniko yangu mawili. Malenia, bosi mwingine wa huko mbele sana, kila akikupiga hujiponya, hata ukizuia kwa ngao. Hapo naona walivuka mpaka. La pili ni kwamba gemu hii haisimamishwi. Hakuna kifungo cha kusema ngoja. Mama akiniita nimletee unga wa mahamri, Margit hajui habari za mama. Wewe waishi peke yako, hilo halikuhusu.

Ukitaka ya kupumzika kuna Stardew Valley, 2016, ya kulima, kufuga na kusalimia majirani. Eric Barone aliitengeneza peke yake, zaidi ya miaka minne. Tamu mno, lakini nikuonye: husevu pale unapolala tu. Stima zikipotea kabla hujamlaza mkulima wako, kumwagilia kote, kuvuna kote, na zile salamu zote hazikutokea. Na uvuvi wake! Mimi mtoto wa pwani, babu yangu kaishi na mshipi, nashindwa na samaki wa kuchora anayeruka juu na chini akikikwepa kile kipande cha kijani cha kumnasia. Usiwaambie watu wa Tudor.

Za simu sizisemi sana. Candy Crush yakupa roho tano, zikiisha kila moja yakungojesha nusu saa au utoe pesa. Huo si ugumu, ni kibanda cha ushuru. Call of Duty nayo, si ya simu bali Modern Warfare ya 2019 ya mashine kama yako, ilinenepa hadi ikapita gigabaiti 200. Kwa bando za Voi utakuwa waipakua mpaka ustaafu, na diski yako, kama ni ya 500, itajaa karibu nusu kwa gemu moja.

Basi fanya hivi. Elden Ring nimeiona ya mkono wa pili kwenye duka moja karibu na Digo Road, sidii yenyewe haina mikwaruzo, nimeigeuza mwangani nikaiangalia. Mwenye duka amekataa kushuka bei, lakini alikuwa na wateja wengi. Nitamrudia Ijumaa baada ya swala akiwa ametulia. Tekken 7 nitakupa yangu, sisi hapa twaicheza kwa kaka. Ukikubali, nitumie pesa kabla ya Alhamisi nami nitazifunga zote mbili nizitie kwenye basi la asubuhi, utapigiwa simu stendi. PES utafute mwenyewe, huku yenye jalada zima sijaiona.

Nisalimie mkuu wako wa shule, na uniambie kama pedi uliyopewa ina ule ugonjwa wa kusogea yenyewe bila kuguswa, kwa maana kuna fundi hapa Marikiti azitengeneza vizuri.

Wasalaam,
mwenzio Athman