Barua kwa vijana waliorudishiwa miswada yao

Wanangu mnaoandika,

Nimepata habari kwamba wanne kati yenu mmerudishiwa hadithi na mashairi ndani ya mwezi mmoja, na kwamba mmoja wenu amefuta kila alichokuwa nacho kwenye simu, akaapa kutoandika tena. Nimeona niwaandikie nyote kwa pamoja, kwa kuwa jambo hili nimelionja pande zote mbili: nilikuwa mtumaji wa mashairi tangu ujanani, kisha nikakaa miaka tisa katika kiti cha mhariri wa ukurasa wa mashairi wa gazeti moja, ambako sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuwakataa watu. Sitawaambia kwamba mvumilivu hula mbivu. Mmeshaambiwa vya kutosha, na isitoshe, ziko embe zinazoozea mtini. Nataka tu niwaoneshe namna ya kuisoma barua ya kukataliwa, maana naona mnaisoma vibaya.

Ukurasa wetu ulitoka mara moja kwa wiki, nao ulibeba mashairi manne, au matano yakiwa mafupi. Bahasha zilizoingia wiki hiyo hiyo zilifika hata sitini. Yale guni, yaliyopungukiwa mizani au yaliyolazimisha vina kwa maneno yasiyo na maana, niliyatenga asubuhi ya kwanza. Baada ya hapo halikuwa tena suala la zuri na baya. Shairi la beti kumi na nne halikuingia hata lingekuwa tamu kiasi gani, kwa sababu lingekula nafasi ya wenzake wawili. Na mashairi mawili ya mvua hayakuweza kukaa ukurasa mmoja. Niliwahi kuliweka kando shairi zuri sana la bwana mmoja wa Pangani, kwa kuwa wiki iliyotangulia tulikuwa tumechapa jingine la wavuvi. Nilipolitafuta mwezi uliofuata sikuliona, na sikumwandikia neno. Bila shaka alidhani shairi lake lilikuwa bovu. Mimi kibwagizo chake ninakikumbuka mpaka leo.

Kwa hiyo mnapopata barua ya mistari miwili isemayo kwamba kazi yenu haikufaa kwa toleo hili, msiipekue mkitafuta hukumu, kwani hiyo ni barua iliyoandikwa mara moja ikatumwa kwa wote. Ni tofauti kabisa na ile ambayo mhariri amemtaja mhusika wako kwa jina, au amesema mwisho umekuja haraka. Huyo amekaa na kazi yako, na mhariri hana muda wa kumtungia mgeni uongo wenye maelezo. Akisema umletee nyingine, mpelekee. Katika miaka yangu tisa sikumwambia mtu hivyo kwa adabu tu. Kimya nacho ni jibu, ingawa ni jibu lisilo na ustaarabu. Kama jarida halikutaja muda wake, ngojeni miezi mitatu, andikeni barua moja fupi ya kuuliza, kisha pelekeni kwingine.

Mimi mwenyewe nilichelewa kujifunza hili. Mwaka 1976 nilituma hadithi kwa jarida moja la Dar es Salaam, na baada ya miezi sita nikapata jibu la maneno manne: "Lugha nzuri. Hadithi haijaanza." Nilipandwa na hasira, nikaamini kwamba aliyeandika alinionea kijicho, nikamjibu kurasa mbili. Baba yangu mdogo, aliyekuwa karani wa posta, alizisoma zote kabla ya kuniuliza kama majibu hayo nayo nilitaka yachapishwe. Sikuyatuma. Miaka minne baadaye niliutoa ule mswada sandukuni, nikakuta kurasa tatu za mwanzo zinaeleza jua likichomoza baharini, wala hakuna mtu hata mmoja aliyekwisha kuamka. Kwa kweli hadithi ilikuwa haijaanza.

Wapo kati yenu wanaodhani kwamba mswada usiochapishwa ni mswada uliokwisha hukumiwa. Shaaban Robert aliandika Kufikirika katika miaka ya 1940, na kitabu hicho kikatoka baada ya yeye kufariki mwaka 1962. Sisemi hivi kuwatia moyo, maana ni jambo la kusikitisha, naye alistahili kukishika mkononi. Lakini maneno yaliyosomwa baadaye ni yale yale yaliyolala miaka yote hiyo.

Na angalieni mlango mnaobisha. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru yasiyofuata vina na mizani, mwaka 1974, wanamapokeo, yaani watetezi wa kanuni za kale, walisema kwamba yale si mashairi. Leo ushairi huru unafundishwa darasani. Nami nakiri kwamba mashairi huru nilikuwa nikiyarudisha bila kuyasoma mpaka mwisho, kwa kuwa ukurasa wangu ulikuwa wa vina na mizani. Lilikuwa kosa langu, lakini hata mtumaji angesoma matoleo matatu ya gazeti letu angejua mapema.

Najua majarida yanayopokea hadithi za Kiswahili ni machache, na ndiyo maana wengi wenu mnakimbilia tuzo, ile ya Mwalimu Nyerere iliyoanza kutolewa mwaka 2023 au ile ya Safal-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Shirikini. Ila kukosa jina lako katika orodha hakukuambii kama ulikuwa wa sita au wa mia mbili, kwa hiyo msirekebishe mswada kwa sababu ya orodha. Rekebisheni pale msomaji wa pili anapokwama palipomkwamisha wa kwanza. Na yule anayekukubali kwa siku mbili kisha akakudai pesa za kuchapa hajakukubali, anakuuzia.

Kwako uliyefuta: sikukemei, nimewahi kuchoma daftari zima. Waulize wenzako uliowatumia kwa WhatsApp, huenda bado wanazo. Zile zilizopotea kabisa, andika unachokikumbuka kabla mwezi haujaisha.

Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri mimi nipo barazani. Njooni, na kila mmoja aje na barua aliyojibiwa, hata ikiwa ya mstari mmoja. Miswada iacheni nyumbani kwanza. Tutaanza kwa kuwasoma hao wahariri.

Mzee wenu,
Tanga