Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025, Wenye Maduka ya Vileo Denver na Aurora

Ndugu wanachama,

Semina ya kukagua vitambulisho, mikutano ya kamati na tafrija ya Desemba vilifanyika, mnavijua, sitavirudia.

Niende kwenye linalosemwa pembeni: dola 6,000 za akiba kulipwa mwanasheria wa leseni, badala ya kuchangia kampeni ya kuuondoa mvinyo kwenye supamaketi. Wazo lilikuwa langu na bado nalisimamia. Pendekezo la 125 la kura ya maoni lilipitishwa na wapiga kura wa jimbo letu la Colorado Novemba 2022, kwa tofauti ndogo, na tangu Machi 1, 2023 supamaketi zenye leseni ya bia zinauza mvinyo pia. Bia ya nguvu kamili, yaani isiyopunguzwa kileo, zilishaipata Januari 2019. Kupindua hayo kwa dola 6,000? Tuwe wakweli. Kilichobaki mikononi mwetu ni pombe kali, na sheria ya 2025 imefunga mlango wa leseni mpya za maduka ya dawa yanayouza vileo, mlango ambao supamaketi zilikuwa zikiutumia kuuza pombe kali.

Na leseni ndiyo tunayoipoteza kizembe. Maombi ya kuihuisha hupelekwa kwa mamlaka ya mji siku 45 kabla haijaisha. Ikishaisha, una siku 90 na adhabu ya dola 500. Zikipita hizo, dola 25 zinaongezeka kila siku. Fomu si tatizo. Tatizo ni mkataba wa pango: unaisha katikati ya mwaka wa leseni, au una jina la mtu ilhali leseni ina jina la kampuni. Mwanasheria amenyoosha mafaili tisa kabla mamlaka haijayarudisha. Baadhi ya walalamikaji wamo humo, sitawataja.

Wanaoziba pengo la mvinyo kwa unga wa ugali, mchele na majani ya chai: sawa, lakini mapato ya bidhaa zisizo na kileo yasizidi asilimia 20 ya mauzo yote ya mwaka. Barafu na soda hazihesabiwi, unga unahesabiwa. Upe kitufe chake kwenye mashine ya kaunta. Ukiupitisha kwenye kitufe cha “mengineyo”, siku ya ukaguzi utachambua risiti za mwaka mzima kwa mkono.

Ada: wanachama 43, waliolipa 19, malimbikizo dola 3,600. Akidi ni 22; kwenye mkutano wa Juni tulikuwa 11, kamati ikiwemo. Asiyehudhuria ndiye wa kwanza kuuliza kwenye kundi la WhatsApp, usiku wa manane, fedha zimekwenda wapi.

Mwakani, Mungu akijalia, tutazungumza na wasambazaji kuhusu bei, na pengine tutapata ukumbi wenye maegesho. Kuanzia Januari 2027 mmiliki mmoja ataweza kuwa na maduka manne. Wenye mtaji waanze kujipanga.

Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti. Anapokea pia nusu ada.