Jibu la swali lako kuhusu virusi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na swali lako limenikaa kichwani: kwa nini kirusi cha homa ya ini A na kile cha homa ya ini B viko mbali hivyo kwenye jedwali la makundi ya virusi, ilhali vyote hushambulia ini?

Tuanze na umbo, ambalo si gumu. Kirusi ni jeni, za DNA au RNA, zilizofunikwa na ganda la protini liitwalo kapsidi. Mara nyingi ganda hilo lina nyuso 20 au limejisokota kama ngazi ya mviringo. Baadhi ya virusi huvaa juu yake utando wa mafuta, na hivyo ndivyo sabuni huviharibu kwa urahisi.

Ila tazama kinachokosekana: ribosomu, yaani mashine ndogo za seli zinazotengeneza protini. Kirusi hakiwezi kujitengenezea protini hata moja. Ni lazima kitumie ribosomu za seli, nazo husoma mRNA tu, yaani RNA inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini. Mwaka 1971 mwanabiolojia David Baltimore alilifanya hilo kuwa msingi wa kuvipanga virusi: kila kimoja kinaifikiaje mRNA? Mimi naona huo ndio mpangilio bora kuliko wowote wa kujifunzia. Leo makundi yake ni 7.

RNA ya polio husomwa na ribosomu moja kwa moja. Ya surua na kichaa cha mbwa imekaa kinyume na mRNA, kwa hiyo virusi hivyo huingia na kimeng'enya chao (protini inayoendesha kazi za kikemia) cha kuinakili. VVU hugeuza RNA yake kuwa DNA, kisha huipachika katikati ya jeni za seli yako. Ndiyo maana ni vigumu mno kuking'oa.

Sasa rudi kwenye ini. Kirusi cha homa ya ini A ni cha familia moja na polio. Cha B kina DNA, lakini ili kuzaliana hupitia RNA kwanza, halafu huirudisha kuwa DNA kwa kimeng'enya cha aina ileile inayotumiwa na VVU. Kwa hiyo dawa ya tenofovir, inayozuia kimeng'enya hicho, hutibu VVU na homa ya ini B pia, lakini kwa homa ya ini A haina kazi.

Ukifika kwenye herpesi na rota, niandikie unavyodhani vinaingia kundi gani. Nasubiri kwa hamu.

Wako akupendaye,
Mwanaidi