Tusizitupe santuri za wazee wetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wakazi wa Mbeya na Iringa wasizitupe santuri za wazee wao. Mimi ni Mkenya niliyehamia Mbeya mwaka jana baada ya kufunga ndoa, na katika mizigo yangu nilikuja na santuri 140, nyingi nikiwa nimezinunua River Road, Nairobi. Zimo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, kwa kuwa enzi hizo santuri nyingi za bendi za Tanzania zilitolewa Nairobi; kwa hiyo, ingawa mimi ni mgeni hapa, muziki niliokuja nao ulikuwa unarudi kwao.

Ndio ulionipatia majirani. Mzee mmoja wa hapa mtaani Soweto, aliposikia gitaa dirishani kwangu, alirudi jioni na santuri tatu zilizofungwa kwenye khanga. Moja ilikuwa imepinda kwa kulaliwa na masanduku miaka mingi, ya pili ilikwaruzika vibaya, lakini ya tatu, nilipoiondoa ukungu kwa maji safi na kitambaa laini, ililia vizuri hata mzee akafumba macho na kuanza kuwataja aliocheza nao dansi ujanani.

Santuri zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na jua na unyevunyevu, ambao huku kwetu ni mwingi wakati wa mvua. Nakuomba pia, Mhariri, utenge kona ndogo ambamo wenye santuri wasizozihitaji watawatangazia wanaozitafuta.

Mpenzi wa santuri,
Soweto, Mbeya