Barua kwa Mama Gift kuhusu marehemu Baba na ile sinema ya Momella

Shikamoo dada,

Ujumbe wako wa bati nimeupata. Ule wa sauti nimeusikiliza ndani ya treni, nikacheka peke yangu, kisha nikakasirika. Hivi kweli Baba mdogo amesimama kwenye kikao cha Pasaka, mchungaji akiwepo, akasema marehemu Baba alikuwa muongo wa Momella, kwamba hakuwahi kufanya kazi kwenye ile sinema ya Wazungu iliyopigwa huko?

Basi msomee haya.

Sinema yenyewe nimeitazama, na si kwenye simu. Hapa Hamburg kuna ukumbi mdogo wa picha za zamani, wakaweka Hatari!, ile ya 1962, kwenye pazia kubwa, zaidi ya saa mbili na nusu. Nilivaa suti. Wazee wa Kijerumani walijaa kwa ajili ya mwigizaji wao, Hardy Krüger. Ilipotajwa Arusha nikamgusa bibi wa kiti cha pili nikamwambia, kule ndiko kwetu. Taa zilipowashwa walinizunguka kama profesa. Mimi, mtoto wa Leguruki!

Sasa, Baba hakusema hata siku moja kwamba aliigiza. Alisema alikuwa kijana tu, akiwakatia majani wale watoto wa tembo, huko 1960 kuingia 1961, Uhuru bado. Baba mdogo eti ameitazama picha yote na hakumwona. Angemwonaje? Mkata majani nani alimpigia kamera? Kamera ilikuwa kwa Elsa Martinelli akiwaogesha tembo, akaitwa Mama Tembo, na hapo ndipo ukaingia ule muziki wa Henry Mancini ambao Baba alikuwa akiupiga mluzi akienda kukamua. Koo lilinikaba, dada. Nilijifanya nakohoa.

Na unakumbuka tulivyomcheka aliposema Joni Weni alimfukuza faru mwenyewe, hakuwekewa mtu wa badala? Ni kweli. Mwongozaji, Howard Hawks, aliwataka waigizaji wenyewe wawe kwenye magari yale, na John Wayne anaonekana kakaa mbele kabisa na mti wake wa kitanzi, vumbi tupu. Na kwamba yule Mjerumani alipenda Momella akanunua shamba akakaa? Kweli vilevile. Krüger alipofariki Marekani, Januari 2022, magazeti ya huku yaliandika habari za shamba hilo.

Najua anakoelekea. Leo Baba ni muongo wa sinema, kesho atakuwa muongo wa mpaka wa migomba ule aliotuonyesha sote. Hapo sikubali, na uniwekee maneno haya kama yalivyo.

Sijui kwa nini usiku ule nilimkumbuka Kanumba, mwigizaji wetu wa Bongo, badala ya Wayne. Ile Jumamosi ya 2012, kesho yake Pasaka, redio ikatangaza amefariki, na wewe ukaacha vitunguu vikaungua. Mama akakugombeza, kisha naye akakaa chini akalia. Huku nikisema Kanumba hakuna anayegeuka. Natazama picha zake Jumapili, najua kila neno, na bado naona alikuwa anazidisha machozi. Usikasirike. Ray, mwigizaji mwenzake, namwona mtulivu zaidi, ingawa kwa Kanumba ndipo watu walipopanga foleni.

Kazi ipo, baridi ipo, tuyaache. Loshoro, kile chakula chetu cha maziwa ya mgando, ndiyo inanisumbua, maziwa ya huku hayagandi ya maana.

Bati nitatuma mwisho wa mwezi, zote, geji 28, zisiwe zile nyembamba za mwaka juzi. Hela itaingia kwenye simu yako, si ya Baba mdogo, na risiti uipige picha. Fundi awe yule wa King'ori. Nimemnunulia Baba mdogo diski ya sinema hiyo, itakuja na shemeji wa Usa River akirudi. Akikaa kuitazama, uwaite na watoto.

Nisalimie Mama, umwambie shikamoo yangu, na Gift asome.

Mdogo wako