Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Kumtibu mlevi kumetumalizia kiwanja

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Uyole, Mbeya. Mimi ni muuza viazi. Mdogo wangu wa kiume, anayenifuata mwenyewe kwa kuzaliwa, ni fundi seremala. Nusu ya milango ya mtaa huu imepita mikononi mwake. Nakuandikia juu ya pombe, na hasa juu ya nani analipa siku mtu anapotaka kuiacha.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini pombe tunaijua. Iringa na Njombe wana ulanzi wao wa masika, huku kwetu kuna komoni na kimpumu, na wazee wetu walizinywa wakazeeka salama. Mdogo wangu alianzia kwenye viroba, zile pombe kali za vifuko vya plastiki, enzi zile vinauzwa hadi kwenye vibanda vya vocha. Serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017 nilimshukuru Mungu, nikadhani tumepona. Akahamia kwenye gongo. Ilifika mahali anaamka alfajiri mikono inamtetemeka, hawezi kushika msumari mpaka azimue kwanza. Wateja wakaanza kudai fedha zao za vitanda.

Baba mdogo alisema tumwache, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama akasema mwanangu ni mgonjwa, apelekwe soba.

Serikali inaziita nyumba za upataji nafuu. Sisi tunasema soba. Tuliambiwa laki tatu kwa mwezi, miezi minne, na mwezi wa kwanza unalipwa kabla mgonjwa hajaingia getini. Hapo bado godoro, ndoo, shuka mbili, sabuni za mche na hela ya fomu. Nilihesabu noti mbele ya msimamizi. Akaandika jina na kiasi kwenye daftari la kaunta kwa kalamu nyekundu. Nilipoomba stakabadhi akanigeuzia daftari lile lile nione mstari wangu. Nikaupiga picha kwa simu. Picha hiyo ninayo mpaka leo, ndiyo risiti yangu ya laki tatu.

Usiku wa tatu simu ikaita saa nane. Mdogo wangu alikuwa ameanza kuongea na watu wasiokuwepo, anafukuza siafu ukutani, kisha degedege likamwangusha. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na muuguzi wala kidonge. Msimamizi, kijana ambaye mwenyewe alishawahi kuwa teja, alimlaza ubavu, akamwekea shati lake chini ya kichwa kisigonge sakafu, kisha akatafuta bajaji. Simlaumu hata kidogo. Bila yeye ningekuwa naandika habari nyingine.

Daktari wa zamu alituuliza swali moja tu: ameacha lini kunywa? Ndipo nikaelezwa jambo ambalo hakuna aliyenieleza siku nalipa. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, ukimkatisha ghafla, siku mbili tatu za mwanzo ndizo za hatari. Mwili unatetemeka, anaona mauzauza, anapata degedege, na wapo wanaokufa. Anatakiwa ashushwe taratibu kwa dawa kama diazepamu, apewe na vitamini B1, macho ya wauguzi yakiwa juu yake. Mimi nilikuwa najua arosto, yale mateso ya kuacha, ni ya wabwia unga. Kumbe nililipa laki tatu ili mdogo wangu afungiwe mlango katika siku ambazo alitakiwa awe wodini.

Alilazwa siku sita. Bili ya hospitali ikaja, na hela ya soba haikurudi. Nilielekezwa dirisha la ustawi wa jamii kuomba msamaha wa matibabu, nikaulizwa nafanya kazi gani, nikasema ukweli kwamba nina meza ya viazi. Basi, mwenye meza si maskini. Nilikopa kwenye kikoba, na kikoba kilipodai tukauza kiwanja cha Isyesye alichotuachia baba. Mama alitia dole gumba kwenye karatasi ya mauzo bila kusema neno.

Mheshimiwa, nina sababu ya kukuandikia wewe. Hapa hapa Mbeya, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda, kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatoa watu kwenye heroini. Huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafika hadi kwetu. Mtumiaji wa heroini anakwenda, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, na dawa halipii. Anayetoka mbali anahangaika na nauli, hilo lipo na linaumiza, lakini dawa yenyewe ni bure. Nawafahamu vijana waliokuwa wanalala vichochoroni Mwanjelwa, leo wana familia. Kwa hiyo nchi hii inajua kwamba uraibu ni ugonjwa, na inajua kuutibu. Lakini methadoni haitibu pombe. Mimi na mama tulipofika na mgonjwa wetu wa gongo, tulikutana na laki tatu na daftari la kaunta.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ninachokuomba kinahusu sheria hiyo. Kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bima, kiseme waziwazi, kwa Kiswahili ambacho karani wa dirishani hawezi kukigeuza, kwamba uraibu wa pombe unatibiwa: kulazwa siku zile za kwanza, dawa zake, ushauri nasaha unaofuata. Na kiseme pia kwamba mtu akirudi kunywa, anatibiwa tena. Hapa nasisitiza. Mgonjwa wa sukari anayepandisha haambiwi kwamba alishatibiwa mwaka jana, nafasi yake imekwisha. Mlevi akianguka, kila mtu anasema familia imepoteza hela zake, ikiwa ni pamoja na sauti fulani ndani ya kichwa changu mwenyewe saa za usiku.

Soba nazo ni wizara yako na wenzako mnaozisimamia. Sizichukii, zina kazi kubwa baada ya zile siku za hatari. Asiingie mtu wa pombe pale bila kupimwa na daktari kwanza, ada ibandikwe ukutani, stakabadhi itolewe. Hayo hayahitaji bajeti.

Nasema haya kwa sababu mdogo wangu ameanguka. Alikaa miezi mitano bila tone, akatengeneza kabati la mama lenye milango miwili, akamaliza vitanda vya watu. Desemba alikwenda msibani Tukuyu akarudi siyo yeye. Wiki iliyopita alikuja mezani kwangu asubuhi, akasimama nyuma ya magunia ili wateja wasimwone, akaniambia, "Dada, nirudishe." Sikumwambia kwamba kiwanja hakipo tena. Anajua.

Safari hii nimempeleka hospitali kwanza. Ana siku ya nne wodini, jana alikula ugali na akauliza randa yake iko wapi. Akitoka Ijumaa natakiwa niwe na laki tatu za soba na bili ya hospitali mkononi. Mpaka naandika barua hii nina laki moja na themanini.

Wako,
Muuza viazi,
Uyole, Mbeya