Picha ya eksirei ni kivuli

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mpiga picha za eksirei, na naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie imani mbili ninazokutana nazo kazini. Ya kwanza ni kwamba mionzi ile ni sumu, na anayepigwa picha hutoka nayo mwilini. Ya pili ni kwamba picha huona kila kitu, kwa hiyo ikitoka safi basi mtu ni mzima. Wapo wanaozishika zote mbili kwa pamoja. Naamini chanzo chake ni kimoja: sisi wa hospitalini tunawaambia watu "vua shati, simama hapa, vuta pumzi", lakini hatuwaelezi picha yenyewe inapatikanaje.

Ndani ya mashine mna bomba lisilo na hewa. Upande mmoja kuna waya mwembamba unaopashwa moto mpaka utoe elektroni, na upande wa pili kuna sahani ya tungsteni. Umeme wa volti 50,000 hivi kwa picha ya kiganja, au zaidi ya 100,000 kwa kifua, huzivuta elektroni hizo kwa kasi kubwa mno hadi zikaigonga sahani. Karibu nguvu yote, asilimia 99 hivi, huishia kuwa joto, ndiyo maana katika mashine nyingi sahani hiyo huzungushwa kwa kasi isije ikayeyuka. Kiasi kidogo kinachobaki ndiyo eksirei. Ni miale ya ukoo mmoja na mwanga wa kawaida, ila ina nguvu zaidi na jicho haliioni.

Umeme ukikatwa, eksirei hukoma papo hapo. Haibaki chumbani, haibaki kwenye nguo wala mwilini. Hivyo baada ya picha ya kawaida hakuna kitu cha kusafishwa kwa kinywaji au dawa, na mama anayenyonyesha anaweza kumpa mtoto ziwa akishatoka tu mlangoni.

Miale ikipita mwilini, mingine huzuiwa na mingine hupenya. Mfupa una kalsiamu, ambayo atomu zake ni nzito kuliko za kaboni, hidrojeni na oksijeni zinazojenga nyama, kwa hiyo huzuia mingi. Mapafu yamejaa hewa, kwa hiyo miale hupita. Kinacholifikia bamba lililo nyuma ya mgonjwa ni kivuli tu: mfupa mweupe, mapafu meusi, moyo na misuli ya kijivu. Ndicho alichokiona Wilhelm Conrad Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, mwaka 1895. Mwezi Novemba aligundua kwamba kitu fulani kilikuwa kikitoka kwenye bomba alilolifunika kwa kadibodi nyeusi, na Desemba akapiga picha ya mkono wa mkewe, ikaonyesha mifupa ya vidole pamoja na pete. Hakuchukua hataza, yaani haki ya kuumiliki peke yake, ya ugunduzi huo, jambo ninalomheshimia mpaka leo.

Sasa, kivuli kina mipaka yake. Mtoto amemeza kitu, analetwa. Picha ya mbele inaonyesha duara jeupe kifuani, na kila aliye karibu anasema ni sarafu. Lakini betri ndogo ya saa nayo ni duara jeupe. Ukitazama ukingo wake kwa makini, betri mara nyingi huonyesha mstari wa pili kwa ndani, kama pete mbili zilizopangwa. Na ukimgeuza mtoto upigie ubavuni, ukingo wa betri huwa na kidato ambacho sarafu haina. Sarafu mara nyingi inaweza kusubiriwa kwa saa kadhaa mtoto akiwa chini ya uangalizi. Betri iliyokwama kwenye umio inaweza kuunguza nyama vibaya ndani ya saa mbili. Kwa hiyo mzazi anayeniuliza kwa nini nampiga mtoto wake picha mbili badala ya moja anastahili kujibiwa hivi, kwa utulivu, hata kama foleni ni ndefu.

Au chukua mtu aliyeanguka akajikinga kwa kiganja. Chini ya kidole gumba kuna kijifupa kinachoitwa skafoidi. Kinaweza kupasuka na ufa usionekane siku hiyo. Picha ni safi, lakini ukimbonyeza kwenye kile kishimo kilicho chini ya gumba, anaruka kwa maumivu. Daktari makini humfunga mkono hivyo hivyo na kumtaka arudi baada ya siku 10 hadi 14, kwa kuwa wakati huo ufa huwa umeanza kujitokeza. Mgonjwa huona anazungushwa. Hazungushwi. Asiporudi, mfupa huo unaweza usiunge kamwe, kwani damu huufikia kwa shida.

Vitu vingine eksirei ya kawaida haivionyeshi kabisa, au huvionyesha kwa taabu: kano zilizochanika, gegedu la goti, ubongo. Hapo ndipo huja ultrasaundi, inayotumia mawimbi ya sauti, na MRI, inayotumia sumaku, ambazo hazitumii eksirei, na CT-skani, ambayo inaitumia kutoka pande nyingi huku kompyuta ikiunganisha vivuli hivyo kuwa picha ya vipande vya mwili. Nje ya hospitali miale hiyohiyo hukagua mizigo viwanja vya ndege na maungio ya mabomba ya chuma, na imewasaidia wanasayansi kutambua umbo la DNA.

Kuhusu madhara, naulizwa swali moja kila mara: kama haina madhara, mbona wewe unakwenda kujificha nyuma ya ukuta? Ni swali la haki. Jibu ni kwamba mgonjwa anapigwa picha moja au mbili, mimi nipo hapo siku nzima, mwaka mzima. Waliotutangulia hawakulijua hilo. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, aliiweka mikono yake kwenye miale tena na tena akijaribu vifaa. Ikaungua, ikakatwa, naye akafariki mwaka 1904. Ukuta wenye madini ya risasi, yanayozuia miale, umetokana na vifo vya namna hiyo. Umbali nao ni kinga: ukisimama mbali mara mbili, miale inayokufikia hupungua hadi robo.

Picha moja ya kifua humpa mtu mzima kati ya milisiveti (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 0.02 na 0.1. Ardhi, hewa, chakula na anga hutupa wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka bila kumwona daktari yeyote, kwa hiyo picha hiyo ni sawa na siku chache, au wiki mbili hivi, za kuishi tu duniani. CT-skani ya tumbo inaweza kufika milisiveti 8 na kuzidi. Linaloniuma ni kuwa hofu imekaa mahali pasipo pake. Mtu anayekohoa wiki ya tatu anakataa picha ya kifua ambayo ingeweza kufichua kifua kikuu mapema, na mwingine anashinikiza apigwe CT-skani kwa kila maumivu ya kichwa.

Mjamzito, au anayehisi huenda ni mjamzito, aseme kabla hajaingia chumbani. Picha ya mkono haimkaribii mtoto tumboni, ya nyonga ni habari nyingine, na uamuzi huo hauwezi kufanywa na mtu asiyeambiwa. Mgonjwa yeyote ana haki ya kumuuliza daktari: picha hii itabadilisha nini katika matibabu yangu? Na tafadhali, msizitupe picha za zamani, njooni nazo. Doa kwenye pafu ambalo lilikuwapo miaka mitano iliyopita na halijakua ni jambo tofauti kabisa na doa lililotokea mwaka huu, na asiye na picha ya kulinganisha huenda akapelekwa kwenye vipimo vikubwa ambavyo hakuvihitaji.

Wako,
Mpiga picha za eksirei